Shaba: neno moja, bei mbalimbali

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anaposikia kwamba bei ya shaba imepanda London, inampasa kwanza aulize: shaba ipi? Kiswahili huita kwa jina hilo moja metali tatu ambazo sokoni haziuzwi kwa bei moja.

Ya kwanza ni shaba halisi, ambayo wengi huiita shaba nyekundu. Hupitisha umeme vizuri, ndiyo maana imo katika nyaya na koili za mota. Bei ya shaba inayotangazwa na Soko la Metali la London ni ya hii tu, iliyosafishwa hadi asilimia 99.99, kwa dola za Marekani kwa tani. Mwaka 1998 tani moja ilishuka chini ya dola 2,000. Mei 2024 ilivuka dola 11,000.

Ya pili ni shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Hutengenezewa koki za maji, vitasa na makufuli. Ya tatu ni mchanganyiko wa shaba na bati (madini, si mabati ya kuezekea). Hiyo ndiyo ya senti 5 na 10 za kikoloni zenye tundu, na ya "medali ya shaba" ya wanariadha.

Tofauti hii ni ya fedha. Tuchukue mfano wa bei ya dola 9,000 kwa tani, sawa na dola 9 kwa kilo. Kilo ya shaba ya njano yenye asilimia 65 ya shaba ina shaba ya dola 5.85 tu, iliyobaki ni zinki, ambayo ni rahisi zaidi. Mnunuzi naye hukata gharama za usafiri na kuyeyusha. Hivyo anayeuza nyaya kwa bei ya koki humwachia mnunuzi faida asiyoijua.

Kuna maana ya nne, ya mahali. Kuanzia 1971 hadi 1997 Katanga, nchini Zaire, iliitwa jimbo la Shaba kutokana na machimbo yake. "Vita vya Shaba" vya 1977 na 1978 vilipiganwa huko.

Kwa muuzaji, ushauri ni mfupi. Pitisha sumaku, ikinasa, ndani kuna chuma. Kwaruza kwa tupa uone rangi ya ndani. Kisha tenga nyekundu na njano kabla ya kufika kwenye mizani, kwani mzigo uliochanganywa hupewa bei ya ile iliyo rahisi.