Tairi Pana na Ringi Nyembamba

Mji wa Sumbawanga umo katika uwanda wa juu wa Ufipa, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa limo bondeni, kwenye meta 800 hivi. Pikipiki iteremkayo Lyamba lya Mfipa hadi bondeni hushuka basi takriban meta 1,000, mara nyingi ikiwa na abiria au gunia la mahindi. Wakati wa mvua mwendeshaji hutamani tairi pana zaidi. Je, ringi itakubali?

Ubavuni mwa tairi huandikwa, kwa mfano, 3.00-18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi. Ya pili ni kipenyo cha ringi. Hii ya pili haina mjadala. Tairi la 17 halivaliki kwenye ringi ya 18, na likilazimishwa kwa vyuma, waya uliomo katika ukingo wake huweza kukatika. La 18 kwenye ringi ya 17 hupwaya.

Upana una nafasi, lakini ndogo. Tairi la 3.50 likivikwa ringi nyembamba iliyokusudiwa 3.00, mbavu zake hubanwa na mgongo hubinuka. Sehemu igusayo ardhi haipanuki kama ilivyotarajiwa, na penye kona tairi huyumba. Tena kipenyo cha gurudumu zima huongezeka kutoka inchi 24 hadi 25 hivi, na likiwa la nyuma, injini huelemewa zaidi wakati wa kupanda kurudi mjini. Kwa matope, tairi la kipimo kilekile lenye meno makubwa hufaa zaidi.