Bili ya mbwa imekushtua? Uliza kwanza

MBWA wako wa miezi mitatu anatapika na kuhara damu. Daktari anashuku parvo: apimwe, atundikiwe dripu, alazwe siku kadhaa. Unacheki bili, unacheki salio la M-Pesa, unajiuliza: huyu anamwokoa mbwa au ananikamua mimi?

Kuuliza si kumkosea daktari heshima. Hakikisha amesajiliwa na KVB, bodi inayosimamia madaktari wa mifugo nchini. Mwombe aandike kila gharama kivyake: ipi ni ya leo, ipi inaweza kungoja? Na kipimo hiki, majibu yakitoka, yatabadilisha matibabu?

Lakini usichelewe. Parvo haina dawa ya kuua virusi vyenyewe; dripu hurudisha maji anayopoteza ili mwili wake upambane. Mbwa mdogo akiishiwa maji hufa haraka. Daktari wa pili mtafute kwa upasuaji unaoweza kusubiri, si kwa dharura kama hii.

Pesa hazitoshi? Sema mapema, bila aibu, mpange kinachowezekana. Akipona, fuata ratiba ya chanjo. Hiyo ndiyo bili ndogo kuliko zote.