Avoka Kubwa na Avoka Ndogo

Hapa Kipese mnajua namna ya kuchuma avoka. Kijana mmoja anapanda mti, wenzake wanangoja chini na kikapu. Yule wa juu akiachia avoka mbili pamoja, moja kubwa na moja ndogo, ipi itafika chini kwanza? Wengi watajibu mbiombio: ile kubwa, kwa sababu ni nzito.

Jibu hilo ni la kale. Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Watu walimheshimu, wakamsadiki kwa miaka karibu 1900. Wachache tu walijisumbua kujaribu.

Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges katika Ubelgiji ya leo, alijaribu. Mwaka 1586 aliandika kitabuni habari ya matufe mawili ya risasi, moja zito mara 10 kuliko lingine. Yeye na rafiki yake waliyaangusha toka kimo cha mita 9 hivi juu ya ubao. Ukasikika mlio mmoja tu.

Galileo wa Italia (1564–1642) alionyesha jambo hilo kwa kufikiri. Funga jiwe zito na jiwe jepesi kwa kamba. Kama jepesi huanguka polepole, litamchelewesha mwenzake. Basi yatashuka polepole kuliko lile zito peke yake. Lakini yakifungwa yamekuwa mzigo mmoja, mzito zaidi. Basi yangepaswa kushuka upesi zaidi! Hayawezi kufanya yote mawili. Neno la Aristotle linajipinga lenyewe.

Mtauliza: dunia haivuti kitu kizito kwa nguvu zaidi? Ndiyo, inakivuta zaidi. Lakini tazameni chukudu kule Butembo. Ikiwa tupu, mtu mmoja anaisukuma. Ikipakiwa magunia ya viazi, wanahitajika wengi ili iende mwendo ule ule. Ndivyo ilivyo na avoka. Ikiwa nzito mara mbili, inavutwa mara mbili, lakini pia ni ngumu mara mbili kuondoka mahali pake. Kwa hiyo mwendo ni mmoja: katika sekunde ya kwanza zinashuka mita 5 hivi, na baada ya sekunde 2 zimeshuka mita 20. Mwendo ni mmoja, pigo si moja. Kubwa ikikupata kichwani inaumiza zaidi; na ile ndogo haikupi nafasi zaidi ya kukimbia.

Na jani la mti, mbona linaelea? Hewa inalizuia. Kata karatasi ndogo kuliko kitabu, uiangushe peke yake: inayumbayumba. Sasa uilaze juu ya kitabu, uviachie pamoja. Karatasi inafuatana na kitabu mpaka chini, kwa kuwa kitabu kinaikinga na hewa. (Twaa kitabu kikuukuu, mwalimu hatafurahi ukiangusha hiki.)

Mwezini hakuna hewa. Tarehe 2 Agosti 1971, David Scott, Mmarekani aliyefika huko kwa safari ya Apollo 15, alishika nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono wa pili. Akaviachia. Vilishuka polepole, maana mvuto wa mwezi ni mdogo kuliko wa dunia. Lakini nyundo na unyoya viligusa mavumbi pamoja.