Vishikio na Visu vya Mashine Mpya ya CNC: Uchaguzi na Sababu Zake

Karakana inapopata mashine ya kuchonga vyuma inayoendeshwa kwa kompyuta, ambayo duniani kote hujulikana kwa herufi tatu, CNC, aghalabu fedha zilizotengwa huwa zimekwisha katika kuinunua, kuisafirisha na kuijengea msingi. Ndipo hugundulika kwamba mashine hiyo, pamoja na mota na kompyuta yake, haiwezi kukata hata bati. Kati ya mashine na chuma kinachochongwa pana nafasi ya kadiri ya shubiri moja, na nafasi hiyo haina budi kujazwa na vitu viwili ambavyo mara nyingi huuzwa mbali na mashine: kishikio na kisu.

Makala haya yanaeleza jinsi vitu hivyo vinavyochaguliwa. Hoja yake kuu ni moja, nayo ni kwamba usahihi wa mashine, hata iwe ya thamani kubwa namna gani, hauwezi kuzidi usahihi wa shubiri hiyo ya mwisho. Sababu zake zimo katika fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Kazi ya ncha

Mashine ya kwanza ya kuchonga kwa kufuata tarakimu ilionyeshwa mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Wazo lilitoka kwa John T. Parsons wa jimbo la Michigan, aliyekuwa akitafuta njia ya kuchonga maumbo ya mabawa ya ndege kwa kutumia namba badala ya jicho na mkono wa fundi. Maagizo yalitobolewa katika utepe wa karatasi. Tangu wakati huo utepe umeiachia kompyuta nafasi yake, lakini kazi ya ncha haikubadilika: kisu chenye meno kadhaa huzunguka, na kila jino hukwangua randa moja jembamba la chuma linapopita.

Unene wa randa hilo ni mdogo mno. Kwa kisu cha kipenyo cha milimita 10, kila jino huweza kupangiwa kukata milimita 0.05, yaani chini ya unene wa karatasi ya kuandikia. Hivyo kosa lolote linalofikia sehemu ya mia ya milimita si dogo tena, kwani ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Koni ya spindeli

Jambo la kwanza la kuchunguza ni tundu lililo mwishoni mwa mhimili unaozunguka, ambao mafundi huuita spindeli. Tundu hilo lina umbo la koni, na kishikio huingia humo. Katika mashine nyingi za CNC, kipenyo cha koni hupungua kwa milimita 7 katika kila urefu wa milimita 24.

Uwiano huu haukuchaguliwa ovyo. Koni ni kabari ya mviringo, na kabari nyembamba hunaswa na msuguano. Koni ya Morse, itumikayo katika mashine za kukereza na za kutobolea, hupungua kwa kiasi cha 1 kwa 20 tu. Kwa kuwa pembe yake ni ndogo, ikishaingia hujibana yenyewe, na aghalabu huhitaji kugongwa ili itoke. Mashine inayobadilisha visu yenyewe haiwezi kungoja nyundo. Koni ya 7 kwa 24 ina pembe pana zaidi, nayo huachia kwa urahisi. Kwa sababu hiyo hiyo ni lazima ivutwe na kushikiliwa wakati wote wa kazi. Kazi hiyo hufanywa na fimbo iliyomo ndani ya spindeli, ikivutwa na rundo la springi zenye nguvu nyingi.

Koni hizi zina namba. Upande mpana wa koni ya 30 una kipenyo cha milimita 31.75, wa koni ya 40, milimita 44.45; na wa koni ya 50, milimita 69.85. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mashine inavyoweza kustahimili kani kubwa zaidi za ukataji.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Pana koni za 40 zinazolingana kabisa katika umbo la koni lakini zikatofautiana katika ukingo wa chini, ambao mkono wa kubadilishia visu huushika. BT ni mtindo wa Japani, na umeenea katika mashine za Asia. CAT ni wa Marekani. SK ni wa Ujerumani. Kishikio cha mtindo mmoja huweza kuingia vizuri katika spindeli ya mtindo mwingine, kisha kikashindwa kushikwa na mkono huo.

Sehemu ya hatari zaidi ni ndogo kuliko zote. Juu ya kishikio hufungwa kifundo cha kuvutia, ambacho vidole vya fimbo hukikamata. Vifundo vya BT hutengenezwa kwa pembe mbalimbali, zikiwamo za digrii 45, 60 na 90. Kifundo chenye pembe isiyo yake huweza kuonekana kimekamatwa, kumbe kinagusa kwenye ncha tu za vidole. Kisu kikichomoka huku kinazunguka mara 6,000 kwa dakika, hakuna atakayeokolewa na usahihi wa kompyuta. Kwa hiyo mnunuzi yampasa apate mchoro wa kifundo kutoka katika kitabu cha mashine, asikisie kwa macho.

Chembe moja ya vumbi la chuma

Koni ya BT ya namba 40 ina urefu wa kama milimita 65. Ichukuliwe kwamba chembe ya unene wa milimita 0.01 imebaki juu ya koni, karibu na ncha yake nyembamba. Kishikio kitainama kidogo. Ikiwa ncha ya kisu iko milimita 100 chini ya spindeli, basi kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ncha hiyo itahama kutoka katika mhimili kwa takriban milimita 0.015.

Kisu chenye meno mawili sasa kitazunguka kikiwa jino moja limesogea nje kwa milimita 0.015, na la pili limesogea ndani kwa kiasi hicho hicho, endapo meno yamekaa upande wa mwinamo. Tofauti kati yao ni milimita 0.03. Badala ya kila jino kukata 0.05, moja litakata 0.08 na jingine 0.02. Jino la kwanza hubeba mzigo mara nne ya mwenzake, nalo huchakaa au kuvunjika mapema. Mafundi wengi hulaumu ubora wa kisu, ilhali kosa lilikuwa kutofuta koni kwa kitambaa safi.

Aina za vishikio

Kishikio cha kawaida kwa karakana inayoanza ni kile cha koleti, yaani bomba fupi la chuma lenye mipasuko, ambalo hukibana kisu pande zote linapokazwa kwa nati. Koleti za mtindo wa ER, zilizotokea Uswisi katika miaka ya 1970, zimeenea kila mahali. ER16 hupokea visu hadi milimita 10, na ER32 hadi milimita 20. Kila koleti hufaa kwa tofauti ya kama milimita moja tu. Kuilazimisha kupita hapo ni kuiharibu. Kadhalika koleti hutiwa kwanza ndani ya nati mpaka ikwame mahali pake, ndipo vyote viwili hufungwa katika kishikio.

Aina ya pili hukishika kisu kwa skrubu ya ubavuni inayokaa juu ya sehemu bapa ya kisu. Hushika kwa nguvu sana, wala kisu hakiwezi kuteleza. Lakini skrubu hiyo hukisukuma kisu upande mmoja, hivyo hufaa zaidi kwa ukataji mzito kuliko umaliziaji. Aina ya tatu hupashwa moto hadi tundu lipanuke, kisu kitiwe, kisha tundu linywee na kukibana. Usahihi wake ni mkubwa, ila hudai mashine maalumu ya kupashia moto. Kwa karakana ya chuo, gharama hiyo yaweza kungoja.

Urefu na unene

Mwalimu anaweza kuonyesha kanuni iliyo muhimu kuliko zote kwa rula ya plastiki. Rula ibanwe ukingoni mwa meza, sentimita 10 zikitokeza nje, kisha uning'inizwe uzito mdogo utakaoiinamisha kwa kama milimita 2. Halafu rula isogezwe mpaka sentimita 20 zitokeze, kwa uzito ule ule. Ncha itashuka kwa kadiri ya milimita 16. Urefu umeongezeka mara mbili, na mpindo umeongezeka mara nane, kwa kuwa mpindo hufuata kipeo cha tatu cha urefu.

Kisu nacho ni rula ya mviringo. Fimbo ya kabidi yenye kipenyo cha milimita 10, ikitokeza milimita 30 na kusukumwa kwa kani ya nyutoni 300, hupinda kwa kama milimita 0.009. Ikitokeza milimita 60 hupinda milimita 0.073. Kisu halisi, kwa kuwa kimepunguzwa na mifereji ya kutolea maranda, hupinda zaidi ya hapo. Unene nao una nguvu zake, maana mpindo hupungua kwa kufuata kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka milimita 10 hadi 12, mpindo hupungua kwa nusu na zaidi kidogo.

Kanuni ya uchaguzi basi ni nyepesi: kisu kiwe kifupi na kinene kadiri kazi inavyoruhusu, na kishikio kiwe kifupi kadiri jiliwa inavyoruhusu. Vishikio virefu vinunuliwe kwa kazi inayovidai, si kwa tahadhari.

Feleji ya kasi na kabidi

Visu hutengenezwa hasa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni feleji ya kasi, iliyotokana na majaribio ya Frederick W. Taylor na Maunsel White huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Hudumu na makali yake hata joto likifika kama digrii 600 za Selsiasi, haivunjiki upesi, na bei yake ni nafuu. Cha pili ni kabidi, yaani chembe za kabidi ya tangsteni zilizogandamanishwa kwa kobalti. Karl Schröter aliigundua Ujerumani mapema katika miaka ya 1920. Kabidi hustahimili joto zaidi, na ukinzani wake dhidi ya kupinda ni karibu mara tatu ya feleji. Kasoro yake ni kwamba huvunjika ikigongwa au ikitetemeshwa.

Tofauti yao huonekana katika kasi. Mizunguko kwa dakika hupatikana kwa kuzidisha kasi ya ukataji, katika mita kwa dakika, kwa 1,000, kisha kugawa kwa pai mara kipenyo katika milimita. Kwa feleji laini, kisu cha feleji ya kasi huweza kwenda mita 30 kwa dakika. Kikiwa na kipenyo cha milimita 10, hiyo ni mizunguko 955. Kisu cha kabidi huweza kwenda mita 120, yaani mizunguko 3,820. Kikiwa na meno manne yanayokata 0.05 kila moja, meza husogea milimita 191 kwa dakika katika hali ya kwanza, na 764 katika ya pili.

Idadi ya meno hufuata chuma. Alumini hutoa maranda mengi na yenye kunata, hivyo hutaka meno mawili au matatu na mifereji mipana. Feleji hutaka manne. Alumini pia haipendelei visu vilivyopakwa dawa yenye alumini ndani yake, kwani huelekea kugandamana navyo.

Manunuzi ya kwanza

Ichukuliwe karakana ya chuo cha ufundi yenye mashine ya koni ya 40, itakayochonga sahani za feleji laini na vipande vya alumini. Kosa la kawaida ni kununua kishikio kimoja na sanduku zima la visu. Katika CNC, kompyuta hukumbuka urefu wa kila kisu kikiwa ndani ya kishikio chake. Kisu kikitolewa, kumbukumbu hiyo haifai tena na upimaji huanza upya. Vishikio vinane vifupi vya koleti, kila kimoja na kifundo chake, vitafaa kuliko visu thelathini visivyo na mahali pa kukaa.

Kwa vishikio hivyo ziongezwe koleti za vipenyo vinavyotumika kweli, na visu vya kabidi vya milimita 6, 10 na 12, vya meno manne kwa feleji na vya matatu kwa alumini. Kwa kusawazisha sura za sahani, kichwa cha milimita 50 chenye vipande vya kabidi vinavyobadilishwa kitatosha. Kikikata upana wa milimita 40, kina cha 2 na mwendo wa 600 kwa dakika, hutumia kama kilowati 1.6 katika feleji laini, nguvu ambayo mota ya mashine ya ukubwa huo huimudu. Mwisho iwepo saa ya kupimia, ili mzunguko wa kila kisu uhakikishwe kabla ya kazi.

Kabla oda haijatiwa sahihi, mambo matatu yawe yameandikwa juu yake: namba na mtindo wa koni, mchoro wa kifundo, na kikomo cha mizunguko ya spindeli. Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo matatu hajui anachokiuza, na karakana isiyoyajua haijawa tayari kununua.