Tetemeko likipita, tazama mstari kabla hujasambaza ujumbe

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 nilikuwa nyumbani Mombasa. Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nimerudi kutoka Eldoret ninakosoma. Saa mbili na robo hivi, vikombe vikalia kabatini na taa ikayumba. Muda mfupi baadaye simu zikaanza: bahari inakuja, tokeni majumbani. Jirani yetu mmoja alimbeba mamake mgonjwa akashuka naye ngazi za ghorofa tatu gizani. Bahari haikuja. Mama wa watu alirudishwa juu alfajiri akiwa hoi.

Tetemeko lile lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, likiwa na ukubwa wa takriban 6. Lilisikika Zanzibar, Mombasa hadi Nairobi. Kilichonikera ni kwamba usiku ule sote tulikuwa na simu zenye intaneti, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kutazama.

Niliporudi Eldoret nikaanza kujifunza. Mtu atauliza, Eldoret na bahari wapi na wapi? Lakini mji huu uko jirani na Bonde la Ufa. Ukitoka kidogo kuelekea Iten unafika ukingo wa Elgeyo, na chini yako ni bonde la Kerio. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, katika bonde hilohilo la Ufa, likapasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Huku bara, ardhi kutikisika si hadithi.

Mstari ni nini?

Kipima tetemeko ni chombo kinachohisi ardhi ikisogea, hata kwa kiasi ambacho mguu wa mwanadamu hausikii. Kila sekunde huandika nambari nyingi: ardhi imepanda, imeshuka, imepanda tena. Ukizichora nambari hizo kwa mfuatano wa saa, unapata mstari mmoja mrefu. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ikitikisika, unachafuka kama bahari ya kusi.

Kenya ina kituo kimoja kinachojulikana duniani, kiko Kilima Mbogo karibu na Thika, na jina lake la kifupi ni KMBO. Data za vituo vya namna hii huwekwa kwenye hazina za intaneti, na aghalabu ni bure. Unapoomba faili unataja mambo matano: mtandao wa vituo, kituo, mkondo, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mkondo unaoitwa BHZ ni ule wa kupanda na kushuka.

Kuchora kwa amri moja

Ziko programu nyingi. Mimi natumia ObsPy, iliyoanzia Munich, Ujerumani. Ni bure na inakaa kwenye laptopu ya kawaida. Haina vitufe vya kubonyeza. Unafungua ile skrini nyeusi ya maandishi na kuandika amri. Kuiweka ni mara moja tu:

pip install obspy

Halafu, ukishapata faili lako, tuseme umeliita kmbo.mseed, unaandika:

obspy-plot kmbo.mseed -o mchoro.png

Basi. Picha inatoka, na bando haliendi tena. Kuchora ni rahisi. Kazi iko katika kusoma, na hapo pana mitego mitatu.

Wa kwanza ni saa. Mchoro hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tetemeko la Agosti 2020 limeandikwa 17:13. Kwa saa ya Kenya ni 20:13, na kwa Kiswahili chetu ni saa mbili na dakika 13 usiku. Ukichanganya saa hizi tatu, utachora kipande ambacho hakina kitu.

Wa pili ni kipimo. Programu hutanua mstari ujaze picha nzima. Lori likipita karibu na chombo, mchoro wake unaweza kuonekana kama kiama. Soma nambari za upande wa kushoto kwanza. Picha ya kutisha isiyo na nambari wala saa, usiisambaze.

Wa tatu ni umbali. Tetemeko hutuma mawimbi mawili makuu ndani ya ardhi. La kwanza, P, lina mbio. La pili, S, hufuata na kutikisa zaidi. Kadiri lilivyotoka mbali, ndivyo nafasi kati yao inavyokuwa kubwa. Kwa tetemeko la karibu, zidisha sekunde hizo kwa 8 upate kilomita kwa makadirio. Sekunde 15 ni kama kilomita 120, ambao ni umbali wa Eldoret hadi Subukia kwa mstari ulionyooka. Lakini kituo kimoja kinakupa umbali, hakikupi upande. Ili kujua mahali penyewe unahitaji vituo vitatu.

Kwa nini tujali sisi wa pwani?

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga Sumatra saa tisa na dakika 58 za usiku kwa saa yetu. Wimbi la P husafiri kutoka kule hadi Kenya kwa dakika kama kumi. Maji yalichukua takriban saa nane, yakafika kwetu mchana. Kenya alikufa mtu mmoja, lakini Somalia walikufa mamia. Ardhi ilikuwa imeshatoa habari tangu kabla ya alfajiri.

Nguvu ya tetemeko lile ilizidi ile ya 2020 kwa zaidi ya mara 40,000. Tsunami kubwa kwa kawaida huletwa na matetemeko ya 7 na kuendelea. Jirani yetu angelijua hilo, mamake angelala.

Sisemi mtu akae na laptopu badala ya kusikiliza tahadhari. Kutoa tahadhari ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa, na ukiona bahari inajivuta ghafla, au ardhi ikitikisika kwa nguvu kwa muda mrefu nawe uko ufuoni, panda juu kwanza, maswali baadaye. Lakini shule zetu za Lamu hadi Vanga zina kompyuta, na mwalimu mmoja wa jiografia anaweza kufundisha amri hizi mbili kwa mchana mmoja. Siku vikombe vitakapolia tena, kila mtaa uwe na kijana mmoja wa kuuliza: mstari unasemaje?