Mfungaji bora wa msimu uliopita: tumelamba dume au dadu tu?

Dirisha la usajili likifunguliwa, kijiweni hapakaliki. Kahawa inapoa kwenye vikombe, watu wote wamesimama. Timu imemleta straika aliyefunga mabao 17 msimu uliopita. Nusu ya benchi inasema tumelamba dume, nusu nyingine inasema ngoja tuone. Miezi 6 baadaye jamaa ana mabao 4, na hapo ndipo maneno yanapoanza: kalewa sifa, anakesha kwenye starehe, karogwa na wale aliowaacha, kocha hajui kumtumia. Mwisho anapewa jina jipya: garasa.

Leo tunakuletea maelezo ya tano. Kijiweni hayatajwi sana kwa sababu hayana utamu, lakini kihesabu ndiyo ya kuanza nayo kabla ya hayo mengine. Maelezo yenyewe ni haya: huenda mchezaji hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni bahati.

Usifunge ukurasa kwanza. Tafuta dadu.

Msimu mzima juu ya ubao wa ludo

Chukua dadu la ludo. Tuseme kila ukilitupa ni shuti moja golini, na ikitokea sita, ni bao. Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara siku hizi ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30. Straika anayepiga mashuti 2 na ushei kila mechi atafikisha kama 72 kwa msimu. Gawanya 72 kwa 6, unapata 12. Kwa hiyo uwezo halisi wa huyu straika wetu wa dadu ni mabao 12 kwa msimu, si zaidi wala si pungufu.

Sasa ita marafiki 9, mtimie 10. Kila mmoja atupe dadu mara 72 na aandike sita zake. Kumbuka, dadu ni lile lile. Hakuna mwenye mguu wa kushoto hatari wala mwenye kasi kuliko mwenzake. Uwezo wenu ni sawasawa kabisa.

Mtapata nini? Wengi wenu mtaangukia kati ya 9 na 15. Lakini mkilirudia zoezi hili mara nyingi, mtaona kwamba kwa kawaida kinara wa kundi anaondoka na 17 hivi, na wa mkiani anaambulia 7 hivi.

Tulia hapo kidogo. Kuna mtu ana 17, kuna mtu ana 7, na wote wametupa dadu moja! Kwenye ligi, huyu wa 17 angepewa tuzo ya ufungaji bora na viongozi wa timu 3 wangekuwa wanampigia simu wakala wake. Yule wa 7 angeambiwa mkataba wake hautaongezwa.

Haya, tupeni tena msimu wa pili. Yule kinara wa 17 atapata ngapi? Tegemea 12. Anaweza kupata 15, anaweza kupata 9, lakini kurudia 17 ni kazi. Dadu halijachoka wala halijalewa sifa. Msimu wa kwanza alikuwa na uwezo wake pamoja na bahati, na msimu wa pili uwezo umebaki, bahati imeondoka. Bahati haisaini mkataba wa miaka mitatu.

Wataalamu wa takwimu wanaliita jambo hili kurudi kwenye wastani. Mwingereza Francis Galton aliliandikia mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: wazazi warefu kupita kiasi walizaa watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kama wao. Jambo hilo hilo linatokea kwenye mitihani, kwenye biashara, na uwanjani.

Linafanya kazi upande wa pili pia. Yule wa mabao 7 akipelekwa kwa mganga, au akifokewa na kocha mbele ya wenzake, au akiuzwa timu nyingine, msimu unaofuata atapata kama 12. Mganga atachukua sifa. Kocha mpya atachukua sifa. Kumbe angepata 12 hata angeachwa alipo.

Tazama orodha yetu wenyewe

Hii si hesabu ya mezani tu. Hawa ndio walioongoza kwa mabao Ligi Kuu ya Bara kwa misimu 8 mfululizo:

- 2017/18: Emmanuel Okwi, 20
- 2018/19: Meddie Kagere, 23
- 2019/20: Meddie Kagere, 22
- 2020/21: John Bocco, 16
- 2021/22: George Mpole, 17
- 2022/23: Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza, 17 kila mmoja
- 2023/24: Stephane Aziz Ki, 21
- 2024/25: Jean Charles Ahoua, 16

Misimu 8, na aliyefanikiwa kuitetea nafasi yake ni mmoja tu, Kagere. Aziz Ki alifunga 21, na msimu uliofuata kinara alimaliza na 16, maana yake Aziz Ki hakufika hapo, ingawa Yanga ilichukua ubingwa misimu yote miwili. (Ni kweli pia kwamba aliondoka kwenda Wydad ya Morocco msimu ukielekea ukingoni, kwa hiyo mechi za mwisho hakuwepo.)

Usituelewe vibaya. Hatusemi hawa walibahatisha. Wachezaji halisi hawana uwezo sawa kama dadu letu, na ukimweka straika wa kweli karibu na sisi waandishi wa makala hii, tofauti utaiona dakika ya kwanza. Tunachosema ni kwamba msimu mmoja hautoshi kutenganisha uwezo na bahati, kwa sababu mabao ni machache mno. Ndiyo maana Kagere anastahili heshima ya peke yake. Kupata 23 halafu 22, japo ligi ilikuwa na timu 20 na mechi 38, ni ushahidi mzito kuliko mabao 23 ya msimu mmoja. Kinachojirudia ndicho kinachonukia uwezo.

Mechi 14 za Samatta

Sasa twende penye kidonda. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji, aliyokuwa ametwaa nayo ubingwa mwaka 2019, akajiunga na Aston Villa. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Alicheza mechi 14 za ligi, akafunga bao 1, na bao jingine akalifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kufika Septemba alikuwa ameshaelekea Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Mpaka leo ukitaja hizo mechi 14 kwenye daladala, utasikia hukumu: England ilimshinda.

Tuipime hiyo hukumu. Tuseme straika ana kiwango cha bao 1 kila mechi 5, kiwango cha heshima kwa timu inayopigania kubaki ligi kuu. Ukimpa mechi 14, wastani ni mabao karibu 3. Lakini ukipiga hesabu za uwezekano, mara 23 kati ya 100 atatoka na bao 1 au bila kabisa. Karibu mara 1 kati ya 4! Yaani straika wa kutosha kabisa anaweza kuonekana ameshindwa kwa sababu tu ya uchache wa mechi.

Halafu ongeza mazingira. Genk ilikuwa timu bingwa, inashambulia, inaleta mipira mingi kwenye boksi. Villa ilimaliza ya 17, nafasi 1 juu ya mstari wa kushuka daraja. Straika hajitengenezei mashuti yote mwenyewe. Mawinga, mabeki wa pembeni na mtindo wa kocha ndivyo vinavyoamua atatupa dadu mara ngapi. Timu inayokaa nyuma na kuotea kushtukiza inampa namba 9 wake mipira mirefu akiwa peke yake kati ya mabeki wawili. Namba 9 huyo huyo ukimpeleka timu inayokaa na mpira, anapata pasi za kumalizia mita 6 kutoka golini. Mbali na hayo, ligi yenyewe ilisimama kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya korona.

Je, hesabu hii inathibitisha kwamba Samatta alikuwa na kiwango cha England? Hapana. Na hapa uwe makini, maana ushabiki utakuvuta. Hesabu inasema mechi 14 haziwezi kuthibitisha ana wala hana. Anayesema "alishindwa" na anayesema "alionewa" wote wanadai wanajua zaidi ya kile ambacho mechi 14 zinaweza kusema.

Hesabu mashuti, usihesabu mabao tu

Kama mabao ni machache, dawa ni kutafuta kitu kinachotokea mara nyingi zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile xG unayoiona kwenye runinga. Kwa Kiswahili tuiite mabao tarajiwa.

Wazo lenyewe ni jepesi. Watu wamekusanya mashuti maelfu kwa maelfu na kuangalia, kutoka sehemu hii, kwa pembe hii, ni mangapi huingia. Penalti huingia zaidi kidogo ya mara 3 kati ya 4, kwa hiyo moja inahesabiwa kama mabao 0.76 hivi. Shuti la nje ya boksi huingia mara chache sana, mara nyingi chini ya 0.05. Ukichukua mashuti yote kwa pamoja, takriban 1 kati ya 10 ndilo bao. Jumlisha thamani za nafasi zote alizopata straika, unajua angetarajiwa kufunga mangapi.

Chukua mfano wetu wa kubuni. Straika wa kwanza ana mabao 15, lakini mabao tarajiwa 9. Wa pili ana mabao 11, mabao tarajiwa 14. Kijiwe kizima kitataka wa kwanza. Sisi tungemfuata wa pili, na pengine tungempata kwa bei nafuu, kwa sababu anafika kwenye nafasi nzuri kila wiki na bado bahati inamdai. Wapo wachache, kama Lionel Messi, waliofunga zaidi ya matarajio mwaka baada ya mwaka. Lakini tukiambiwa fulani ni wa aina hiyo, tuulize kwanza: kwa misimu mingapi?

Kwa mechi zetu huhitaji programu ya gharama. Daftari na kalamu vinatosha. Andika mashuti ya ndani ya boksi, na penalti ziweke pembeni. Baada ya mechi 8 utakuwa na la kusema kuliko mtu anayejua idadi ya mabao tu.

Na bei je?

Kuna wanaomaliza ubishi kwa kutaja bei: huyu ghali, kwa hiyo bora. Bei inaangalia uwezo, ndiyo, lakini pia umri, muda uliobaki kwenye mkataba, na nani anagombea saini. Tangu hukumu ya kesi ya Jean-Marc Bosman Desemba 1995, mchezaji wa Ulaya ambaye mkataba wake umeisha anaondoka bila klabu yake kulipwa ada. PSG ilikubali kulipa euro milioni 180 kumpata Kylian Mbappé, na mwaka 2024 akaenda Real Madrid bila ada ya uhamisho. Hakuwa ameisha thamani. Mkataba ndio ulikuwa umeisha.

Kabla hujasema garasa

Rudi kwenye dadu mara ya mwisho. Mechi 5 ni kama mashuti 12. Uwezekano wa kutupa mara 12 bila kupata sita hata moja ni mara 11 kati ya 100. Ukizingatia msimu una mechi 30, straika wengi wazuri watapitia ukame wa namba hiyo bila kosa lolote. Na ukame huo ukimkuta kijana wa miaka 21 kwenye mechi zake 5 za kwanza, uwanja mzima ukimzomea, anaweza asipewe ya sita.

Kwa hiyo ubishi ukianza, uliza maswali matatu. Ni mechi ngapi tunazozizungumzia? Alikuwa anapata nafasi, na za aina gani? Timu yake ya zamani ilimlisha kuliko hii? Hatukukatazi kubishana, sisi wenyewe maabara yetu ina Simba na Yanga na Jumatatu hakuna anayefanya kazi kabla ya saa 4. Ila ukishajua kusoma dadu, utakuwa mwepesi kidogo wa kusubiri, na mzito kidogo wa kumzika mtu.