Kengele ya gari la kambi: Bei si kipimo pekee

BIASHARA ya kukodisha magari ya kambi, yaani Land Cruiser au Hiace zilizofungwa kitanda, jiko, jokofu dogo na hema la juu, imewavutia wenye mitaji midogo katika miji ya Arusha, Moshi, Dar es Salaam na Nairobi. Mwenye gari moja tu anaweza kuingia sokoni. Lakini huyo mwenye gari moja ndiye anayeumia zaidi gari likiibwa au likivunjwa, kwa sababu mtaji wake wote umesimama juu ya magurudumu manne.

Ichukuliwe mfano wa gari linalokodishwa kwa Dola 150 kwa siku. Mwizi akivunja kioo, akang'oa redio na kompyuta ya injini, na gari likakaa gereji siku 10 kusubiri vipuri, mwenye gari amepoteza Dola 1,500 za mapato kabla hajamlipa fundi. Hapo ndipo kengele ya kuzuia wizi inapoacha kuwa pambo na kuwa sehemu ya mtaji.

Hata hivyo, si kila kengele inayouzwa madukani inafaa kwa gari ambalo watu wanalala ndani yake. Kengele nyingi za magari madogo zimetengenezwa kwa gari lililofungwa na lisilo na mtu. Mnunuzi anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha.

Vinasa vya aina nne

Kengele hutegemea vinasa. Kuna kinasa cha mawimbi ya sauti kinachogundua kitu kinachotembea ndani ya gari. Kuna kinachogundua joto la mwili. Kuna kinachogundua mtikisiko wa bodi au kioo. Na kuna swichi za sumaku zinazofungwa kwenye milango, boneti na masanduku ya mizigo.

Viwili vya kwanza huleta usumbufu katika gari la kambi. Upepo ukitikisa turubai la hema, kinasa cha mawimbi huona kama mwizi ameingia. Mgeni akijigeuza kitandani, king'ora hulia. Kinasa cha mtikisiko nacho kikiwekwa makali mno, nyani mmoja akiruka juu ya boneti ataamsha kambi nzima. Baada ya usiku mmoja wa namna hiyo mgeni huizima kengele na haiwashi tena mpaka anarudisha gari. Kengele iliyozimwa ni sawa na kengele isiyokuwepo.

Kwa sababu hiyo, kinachofaa ni kengele yenye hali mbili: ya mchana, ambapo vinasa vyote hufanya kazi watu wakiwa nje, na ya usiku, ambapo vinasa vya ndani huzimwa na kubaki swichi za milango na masanduku. Mnunuzi aulize jambo hilo kwanza, na muuzaji alionyeshe kwa vitendo hapo hapo dukani.

King'ora kiwe na betri yake ndogo ya akiba. Kisichokuwa nayo hunyamazishwa kwa kukata waya mmoja chini ya boneti.

Hesabu ya betri

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kengele hula umeme saa 24. Kengele inayotumia miliampia 20 pamoja na kifaa cha kufuatilia gari kinachotumia miliampia 30 hufanya miliampia 50, sawa na ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampia-saa 70 haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 35. Hizo zitadumu takriban siku 29.

Lakini gari lenyewe lina saa, redio na kompyuta. Vikila miliampia 50 nyingine, siku 29 hugeuka kuwa 14. Katika miezi ya masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua na gari likasimama wiki sita, mwenye gari atakuta betri imekufa, na kengele imekufa nayo. Dawa ni betri ya pili kwa ajili ya jokofu na taa, na paneli ndogo ya jua ya kuijaza betri ya gari. Kung'oa waya wa betri si dawa, maana ni kumfukuza mlinzi.

Mwizi mwenye ufunguo

Kengele inamzuia mwizi anayevunja. Haimzuii mtu aliyekabidhiwa ufunguo na rimoti kwa mkataba, kisha asirudi. Kwa mkodishaji magari hatari hii ni nzito, na bima nyingi huiweka kando: bima kubwa inaweza kulipa gari lililoibwa barabarani lakini ikakataa gari lililotoroshwa na mteja mwenyewe. Bima ndogo hailipi wizi hata kidogo. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kununua kengele, na kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi kama inadai kifaa cha aina fulani na cheti cha fundi.

Dhidi ya mwizi mwenye ufunguo, kinachosaidia ni kifaa cha kufuatilia gari. Kifaa hicho hupokea mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti, lakini hutuma habari kwa laini ya simu. Pasipo mtandao, kama ilivyo katika sehemu nyingi za hifadhi kubwa, hakiwezi kutuma. Vilivyo bora huhifadhi safari nzima na kuituma mtandao ukirudi. Aidha, vifaa vya zamani vinavyotumia mitandao ya 2G na 3G peke yake vinauzwa rahisi kwa sababu nchi kadhaa zimeanza kuizima mitandao hiyo. Australia ilimaliza kuzima 3G mwaka 2024. Anayenunua leo kwa matumizi ya miaka mitano achukue cha 4G.

Mteja aelezwe katika mkataba kwamba gari linafuatiliwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumfuatilia mtu kimya kimya kunaweza kumgeuza mwenye mali kuwa mshtakiwa.

Sokoni

Kengele hupatikana kwa wingi Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, na katika maduka ya vipuri ya Grogan, Nairobi. Bei hutofautiana duka kwa duka, lakini tofauti kubwa iko kwa fundi. Fundi anayekata waya ovyo na kuzungushia gundi ya plastiki huacha gari linalozimika njiani, na gari jipya lenye kompyuta huweza kupoteza dhamana yake. Waya wa kengele uwe na fyuzi yake, na mwenye gari apewe mchoro wa waya zilikopita. Mchoro huo usibaki gereji, kwani anayeujua ndiye anayejua pa kukata.

Mwenye fedha kidogo anaweza kupanga hivi: kwanza swichi ya siri ya kuzuia injini isiwake na kufuli ya usukani inayoonekana kwa nje, pili kifaa cha kufuatilia, tatu kengele yenye hali ya usiku. Mpangilio huo unaanza na gari lenyewe, ambalo ndilo mtaji, ndipo vilivyomo ndani.

Gari likishafungwa vifaa, mwenyewe alale ndani yake usiku mmoja wa upepo kabla ya kulikodisha. Kero atakayoiona usiku huo ndiyo mteja angeilalamikia.